Karatasi Tupu Niliyokupa

Dada Skola,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nakuogopa. Watu wanasema marehemu haogopwi, anaombewa. Wanaosema hivyo hawakukaa miaka sita mbele ya cherehani yako wakijifunza kushona, wakaambiwa wafumue kola ileile mara nne. Mimi nilikaa. Hata sasa naandika nimenyoosha mgongo, maana nimezoea upite nyuma yangu uangalie mkono wangu unafanya nini.

Habari za hapa Lipangalala ni hizi. Ulituacha mpunga ukiwa unachanua. Tumevuna, tumeanika, tumekoboa, na sasa watu wa kijiji cha Michenga wameanza kulima tena wakitazama mawingu. Cherehani yako naitumia mimi. Wateja wa sare za kwaya bado wanafika mlangoni wakiuliza kama Skola yupo, halafu wanakumbuka, wanashika mdomo, na mimi ndiye ninayebaki na kazi ya kuwatuliza. Mama yako anakula, ila kidogo. Nakwenda kumwamkia kila asubuhi kabla sijafungua kazi.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya sare. Nimekuja kwa habari ya kitambaa chako cha mchezo, na jambo nililolifanya juu yake, ambalo uliondoka bila kulijua.

Lile boksi la mchezo wa ugonjwa nakumbuka vizuri. Mpangaji wa chumba cha uani alihama akaliacha, na ndani mlikuwa na ubao wenye ramani ya miji ya Ulaya na kijitabu cha kanuni cha Kiingereza. Tulikaa nacho wiki nzima na kamusi. Mimi nilitaka tukitupe. Wewe ulisema kitu kilichoandikwa na mtu kitasomwa na mtu. Siku ya kwanza tulikielewa kinyume kabisa, tukadhani mwenye ugonjwa anatafutwa ili afukuzwe, tukamfukuza Hamisi mvuvi mchezo haujafika mbali, naye akabeba ndoo yake ya samaki akaondoka kwa hasira za kweli. Siku ya nne ndipo ulipogundua kwamba hakuna wa kufukuzwa. Kijiji kinashinda chote au kinashindwa chote. Tukaenda kumwomba Hamisi radhi mtoni.

Ile miji ya Ulaya haikukupendeza. Ulisema, "Nani wa kwetu amewahi kukohoa huko?" Ukashona bonde letu mwenyewe kwa vipande vilivyobaki vya kazi za watu. Mto ulikuwa bitana ya bluu ya koti la bwana harusi, Michenga kitenge cha njano, Malinyi kanga kuukuu, na zahanati kipande cheupe cha gauni la komunio.

Kanuni naziandika hapa ili uone kwamba bado nazishika. Kila mchezaji ana kete ya kuhamisha kijiji hadi kijiji, na kifuko chenye karatasi ndogo zilizokunjwa, nyingine tupu, nyingine zina doa la wino. Mwanzoni mmoja anapata homa kwa siri, na hasemi. Watu wakikutana kijiji kimoja wanapeana karatasi mkono kwa mkono. Mzima anatoa tupu, mwenye homa anatoa yenye doa, na aliyepokea doa ameshaugua, naye ataligawa kwa kila atakayekutana naye. Zahanati inaponya, ila ukienda unakosa zamu ya kuvuna, ndiyo maana watu wanajificha. Kwa hiyo kila mzunguko ukiisha wachezaji wananyoosha mikono na kumwita wanayemshuku aende zahanati, atake asitake. Mwisho karatasi zote zinafunguliwa. Waliopata doa wakizidi nusu, kijiji kimeshindwa.

Na hakuna anayeweza kujua kama umetoa karatasi iliyokupasa. Mchezo wote umesimama juu ya mkono wa mtu na dhamiri yake. Wewe ulikuwa ukisema, "Kujificha ni mchezo. Kubadili karatasi ni wizi."

Michenga ndiko tulikoona ugumu wake. Jumapili tatu mfululizo, baada ya misa, tulicheza kwenye ukumbi wa ghala la mpunga, na mara zote tatu hakuugua mzee hata mmoja. Mzee Ligonja alizunguka bonde zima akikutana na kila mtu, akatoka mzima kama alivyoingia. Ulitazama zile karatasi, ukauliza, "Mbona homa hii inaheshimu mvi?" Vijana wakainama. Kumbe walikuwa wakiwapa wazee karatasi tupu. Nani angempa babu yake ugonjwa, tena kwa mkono wa kulia? Hawakujiona wezi, walijiona wana adabu. Ndipo ulipoweka kanuni yako mwenyewe, ambayo haimo kwenye kijitabu: shikamoo zote zimalizwe kwanza, pembeni, hata kwa waliokwisha kuamkiana asubuhi, kisha watu wavue viatu, na ukishakanyaga mkeka hakuna mkubwa wala mdogo. "Ugonjwa hauna shikamoo," uliwaambia. Jumapili iliyofuata Mzee Ligonja aliugua kama binadamu wengine, na sikuona mtu aliyefurahi kama yeye.

Hayo nilikusikia ukiyasema mara nyingi kuliko mtu yeyote. Sasa nisikilize mimi.

Mchezo wetu wa mwisho ulikuwa sebuleni kwenu, wiki ile uliyorudi kutoka hospitali figo zimeshakataa. Miguu ilikuwa imevimba, kandambili haziingii. Tulikuwa sita, wewe, mimi, Hamisi, Mzee Ligonja aliyekuja na baiskeli kukujulia hali, na majirani wawili. Ulitaka tujaribu wazo lako jipya, kwamba kule kuitana zahanati kuondolewe. Ulisema mtu akiaminiwa atakwenda mwenyewe. Nadhani ulikuwa umechoka, Dada. Ulikuwa umeitwa sana, umepelekwa huku na huku sana, na kila mtu akiamua kwa niaba yako.

Homa iliniangukia mimi. Nilijificha, nikavuna. Nikakutana na Hamisi nikampa doa, yeye akakimbilia zahanati. Halafu nikakukuta wewe. Ukanyoosha mkono. Vidole vyako vilikuwa baridi, na doa lilikuwa tayari kati ya vidole vyangu. Nilishindwa. Sikuweza kukupa ugonjwa kwa mkono wangu, hata wa karatasi. Nikalirudisha doa kwenye kifuko, nikakupa tupu.

Baada yangu ulikutana na wote watatu waliobaki. Ningekupa iliyokuwa haki yako, wewe nao mngeanguka na kijiji kingeanguka. Karatasi zilipofunguliwa tulikuwa wagonjwa wawili tu kati ya sita. Ulicheka, ukaomba daftari la kanuni, ukaandika: "Kuitana kumefutwa. Watu wakiaminiwa wanakwenda wenyewe." Ukatia na sahihi yako chini. Mimi nilikaa pale nikiangalia kalamu inavyokwenda na sikufungua mdomo. Siku kumi na moja baadaye tulikuzika.

Nilijiambia ule ulikuwa uongo mdogo wa huruma na umekwenda nawe kaburini. Haukwenda. Uliacha kanuni, na kanuni ya marehemu ni wosia. Tukacheza bila kuitana, kila Jumapili kijiji kikaanguka. Watu walijificha, wakavuna, wakagawa madoa mpaka mwisho. Nilisema hawajazoea. Kisha ghafla, Michenga wakaanza kushinda. Walishinda Jumapili tatu. Nililia kwa furaha, nikadhani ulikuwa umeona kitu ambacho mimi sikukiona.

Nesi wa zahanati akasikia, akaja kutazama. Alipenda sana. Akaomba kitambaa akitumie siku ya kliniki, kuwafundisha watu habari za kifua kikuu. Na akasema, akiwa anafunga daftari lake, kwamba labda hata wao wapunguze kuwafuata majumbani wanaokohoa, wawaamini tu, wawasubiri waje. Alisema mchezo wetu umemfungua macho. Najua wangapi Michenga wanakohoa na kusema ni vumbi la pumba. Na wewe uliwajua.

Jumapili hiyohiyo homa ilinianzia mimi, na nilikuwa makini. Nilimpa Hamisi doa mkononi mwake. Baada ya hapo nilimhesabu, akakutana na watu watano, na zahanati hakwenda. Karatasi zilipofunguliwa, wale watano wote walikuwa wazima. Nilimwita kando nikamuuliza. Hamisi si mtu wa kuzungusha maneno. Alisema, "Dafroza, tulikubaliana. Kanuni ni yake, na yeye hayupo kuitetea. Tumwaibishe marehemu?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ghala zima lilikuwa likibadili karatasi kwa heshima yako. Nami niliyewaanzishia njia nilikuwa nimesimama mbele yao na daftari kama hakimu.

Nilikaa na hilo siku tatu na nilishona vibaya. Niliweka mikono ya kulia miwili kwenye blauzi moja. Nilijua nikisema, watapoteza imani na mchezo, labda na mimi, na watu watasema mwanafunzi wa Skola amesubiri mwalimu afe ndipo amfute. Nikinyamaza, nesi atakuja Alhamisi kuchukua kitambaa na atakwenda kufundisha uongo wangu kwa watu wanaotema damu.

Jumatano nilipanda bodaboda hadi Michenga, nikamwomba Mzee Ligonja awaite watu. Tuliamkiana wote kwanza. Nilivua viatu, nikakanyaga mkeka, nikasema yote, karatasi, vidole vyako, kalamu, kunyamaza kwangu. Hakuna aliyenisaidia, na ilikuwa haki. Kisha Mzee Ligonja akasema yeye amebadili karatasi mara tatu. Mwanamke mmoja akasema mara mbili. Walisema mmoja mmoja hadi wa mwisho aliyekaa ukutani. Nesi naye alikuwepo, alisikiliza amesimama, na alipoondoka aliniambia wanaokohoa atawafuata nyumbani kwao kama zamani.

Habari ilifika kwa mama yako kabla yangu. Nilipokwenda kumwamkia Ijumaa hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Jumapili leteni hicho kitambaa hapa. Na mimi nicheze." Hakuwahi kucheza hata siku moja, wewe mwenyewe ulimbembeleza ukachoka.

Tulicheza, Dada. Tulikuwa saba, na kuitana kumerudi. Raundi ya pili nilipokea doa kutoka kwa jirani. Raundi ya tatu nilikuta mama yako yuko peke yake kijijini, anasubiri, mkono wazi juu ya goti. Nilimtazama mwanamke aliyemzika mtoto wake. Nikampa doa.

Aliifungua karatasi, akaiangalia kwa muda, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akaanza kutembeza kete yake. Alikutana na Hamisi, akampa. Alikutana na Mzee Ligonja, akampa. Kila mzunguko tulinyoosha mikono tukaita huyu na yule, tukamshuku kila mtu pale mkekani isipokuwa yeye. Hata mimi niliyejua, Dada, hata mimi niliyempa mwenyewe, mkono wangu haukuinuka kumwita. Karatasi zilipofunguliwa tulikuwa tumeugua watano kati ya saba, na wawili walikuwa wa kwake.

Mama alituzungushia macho mmoja mmoja. "Mmeniogopa," alisema. "Mmeona msiba, hamkuniona mimi." Akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, halafu kicheko kikageuka kilio, na tulimwacha alie, hatukumnyamazisha. Alipomaliza alijifuta, akasema turudie, na safari hii atakayemwonea haya asirudi tena nyumbani kwake.

Mchezo wa pili nilimwita zahanati mara mbili. Mara moja alikuwa mzima, akanitukana kidogo. Nilirudi nyumbani na moyo mwepesi kuliko siku yoyote tangu uondoke.

Ule mstari wako kwenye daftari nimeukata mbele ya mama, kwa wino, mara moja, ili usomeke bado. Sahihi yako sikuigusa. Pembeni nimeandika jina langu na sababu.

Sasa pumzika, Dada. Nitakuombea kila Novemba pamoja na marehemu wetu wote, na siku nyingine pia. Nakuahidi kwamba yeyote atakayenyoosha mkono mbele yangu, awe mzee, awe mgonjwa, awe mfiwa, nitampa karatasi iliyo yake. Na nikimpenda sana nitampa haraka zaidi, kabla mkono haujaanza kunishauri.

Ule mchezo wa mwisho tulishindwa, Dada Skola. Ilinipasa nikuambie ukingali unasikia.

Mwanafunzi wako,
Dafroza