Kengele Naenda Nayo

Jumapili, nyumbani Wazo

Eti nikisafiri, baiskeli nimwachie mdogo wangu Hamisi. Baba mdogo kaamua kwa simu, kutoka London: "Hilo dude liache hukohuko, mwanangu. Ukija nakununulia mpya, ina gia." Nikasema sawa, maana naonaga aibu kubisha.

Ila sijakubali.

Kuwaamkia wakubwa naogopa, sauti hainitoki. Kwa hiyo nikipita dukani kwa Bi Salma napiga kengele ya baiskeli, naye anajibu kutoka ndani, "Marahaba, mwanangu!" Mama hukasirika: "Kengele haisemi shikamoo!" Bi Salma humwambia, "Ya huyu inasema."

Kule London nitaongeaje? Kiingereza cha darasani ninacho, lakini mdomo ni huuhuu. Naogopa kweli.

Basi jioni nimechukua bisibisi, nikaifungua kengele, nikaiviringisha kwenye khanga na kuificha chini kabisa ya begi. Hamisi kalalamika: "Sasa mie watu watanipishaje?"

"Piga kelele!" nikamjibu, tena kwa sauti.

Baba mdogo anunue baiskeli yoyote anayotaka. Kengele itakuwa hii. Na hata kama London hakuna wa kuitikia marahaba, mie nitawaamkia tu.