Mlango wa Papa umefunguka mchana

Jumamosi. Joto la mwezi wa kumi, lile la kabla ya mvua. Hata paka wa jirani amehamia chini ya tangi letu la maji na hataki kusemeshwa. Mikono yangu inanuka mafuta ya taa mpaka viwikoni. Nimejisugua kwa sabuni, harufu imekataa kutoka. Sijali. Leo nina furaha, na ninaiandika hapa kabla haijapoa.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: ninaishi mtaa wa Makomeno na Papa, yaani baba yangu, katika nyumba aliyoinunua alipostaafu kazi ya reli. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia na mguu wa kulia havimtii, anatembelea kiti cha magurudumu. Mlango wa mbele una ngazi. Gereji haina ngazi, sakafu yake inakwenda sawasawa mpaka barabarani. Gari hatuna tena, kwa hiyo gereji imebaki kuwa njia ya Papa ya kutokea. Hana nyingine.

Mlango wenyewe ni wa vipande vya bati vilivyoshikana kwa bawaba. Ukiuinua, vigurudumu vya pembeni vinapanda ndani ya reli mbili mpaka mlango wote unalala chini ya dari, na springi kubwa zinakusaidia kubeba uzito. Hivyo ndivyo unavyotakiwa. Wetu una tabia zake. Asubuhi unafunguka huku umenuna. Mchana, jua likishaupiga na bati likitanuka, haufunguki kabisa.

Jumapili iliyopita tulirudi kanisani wakati jua limesimama utosini. Nilivuta, nikasukuma, nikaupiga teke. Ulipanda mpaka usawa wa magoti, ukagoma. Papa alikuwa juani na kofia yake ya kanisani. Mwishowe niliita wanaume wawili wa jirani, wakambeba kwenye ngazi za mbele kama gunia la unga, mmoja mabegani, mwingine miguuni. Walimwonyesha heshima zote, walimwita Papa kila walipovuta pumzi. Yeye alifumba macho tangu chini mpaka ndani.

Walipomweka kitandani alisema neno moja tu. "Ilishaisha."

Nilidhani anasema habari za siku ile. Kumbe alikuwa anasema habari za kutoka nje.

Sasa, kesho mtoto wa dada yangu, Bénédicte, anapokea komunyo ya kwanza huko Katuba. Ndiye mjukuu anayemtania Papa bila woga, ndiye aliyekuwa anamlisha uji alipotoka hospitali. Juzi alipiga simu mwenyewe. "Kambo, utakuya?" Kambo ni babu. Papa akamjibu kwamba mguu unamuuma. Mguu huo hausikii hata sindano. Nikaenda jikoni nikalia, na kusema kweli ilikuwa hasira kuliko huzuni. Kama ni ugonjwa, nimeshazoea kushindwa nao. Lakini kushindwa na mlango?

Leo asubuhi mapema, bati likiwa bado la baridi, niliufungua wote, nikauegemeza kwa mbao ili usinishukie kichwani, nikapanda juu ya meza na kijiko na matambara.

Lazima nieleze habari ya grisi. Papa amefanya kazi ya reli maisha yake yote, na katika nyumba yetu grisi ni kama maji ya baraka. Kila kiangazi vumbi likianza, kopo linafunguliwa na kila chuma kinapata sehemu yake: lango, baiskeli, bawaba za madirisha, na reli mbili za mlango wa gereji, kutoka juu mpaka chini, kwa mkono usio na uchoyo. Alipougua niliendelea mimi, kwa amri yake. Mlango ukizidi kugoma, nasi tunazidi kupaka. "Chuma iko na njala," anasema Papa, na nani atabishana naye juu ya chuma.

Basi nilichokikuta leo ndani ya reli hakikuwa grisi tena. Vumbi jekundu la viangazi vyote limeganda humo mpaka likawa kama ugali wa jana, vigurudumu vimezama, havizunguki, vinaburutwa tu. Nilichokonoa kwa kijiko nikitoa mabonge. Mwisho kabisa wa reli, kule nyuma ambako mkono wangu haukuwahi kufika na kopo, chuma kilikuwa kikavu. Nilipitisha kitambaa, vumbi likatoka mara moja. Kigurudumu cha hapo nilikigusa kwa kidole, kikazunguka chenyewe.

Nilikaa pale juu ya meza nikikitazama kinavyozunguka. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunaufunga.

Nikaanza kutoa grisi yote kwa mafuta ya taa, kimyakimya, maana Papa alikuwa chumbani na redio yake na sikutaka aone. Harufu ya mafuta ya taa ndiyo iliyonichongea. Nikasikia kiti kinalia nyuma yangu.

"Mama, uko unafanya nini?"

Ananiita Mama kwa sababu nina jina la mama yake. Akiniita hivyo, siwezi kudanganya vizuri.

"Niko natosha hii grese, Papa." Kutosha, kwetu, ni kutoa.

"Ni nani alikwambiaka utoshe?"

Hakupaza sauti. Alikuwa anatazama matambara mekundu sakafuni, kama mtu aliyekuta vitu vyake vimetupwa barabarani. Nikaona kwamba nikimwambia amekosea nitakuwa nimemnyang'anya kitu kingine, na amekwisha kunyang'anywa vya kutosha. Kwa hiyo nilimwuliza. Tena nilitaka kweli kujua.

"Papa, kule ku kazi, mulikuwa munapakaa grese mu reli?"

"Apana. Treni itateleza. Grese ni ya magurudumu, mule ndani kwenye inazungukia. Reli inabakia mukavu."

Akaitazama reli yetu, akanitazama mimi. Ule upande wa uso wake unaotii ulianza kucheka kabla yake mwenyewe.

"Kule kulikuwa chef, mukubwa wa kazi," akasema. "Hapa chef njo miye."

Tulicheka mpaka nikashuka mezani kwa kuogopa kuanguka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Baada ya hapo kazi ikawa yake. Mimi nilikuwa mikono tu. Akaniamuru nisugue reli mpaka chuma kionyeshe rangi yake, kisha niziache kavu. Mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kwa kila kigurudumu, pale katikati, na tone kwa kila bawaba. Nikakaza misumari ya parafujo iliyokuwa imelegea kwa joto na baridi za kila siku. Pembeni, ambako bati lilikuwa linakwaruza fremu likitanuka, nikakwangua matabaka ya rangi ya zamani. Nilipouliza habari ya springi akawa mkali.

"Mulango ikiwa chini, springi usiiguse hata kidogo. Iko imevutika. Itakukata mukono."

Sikuigusa. Mkono mmoja usiofanya kazi unatosha katika nyumba hii, nikamwambia, naye akaniambia nifunge mdomo nimalize bawaba.

Tulifunga mlango, tukala, tukasubiri. Hilo lilikuwa wazo lake pia, kwamba tusijidanganye kwa kujaribu wakati wa baridi. Mchana wa saa nane bati lilikuwa la kuunguza. Nilichukua kitambaa nishike mkono wa mlango, nikainama.

"Acha," akasema Papa. "Leta ile kitambala."

Akasogeza kiti mpaka karibu na mlango, akauzungushia mkono wa mlango kile kitambaa, akavuta juu kwa mkono wake wa kushoto. Niliona shingo yake inakaza. Nilikuwa tayari kuruka nimsaidie, na nilijizuia kwa shida kubwa. Mlango ulipanda mpaka kifuani pake, ukapita kichwa chake, springi zikaupokea, nao ukaenda zake mpaka darini bila kelele. Jua likaingia lote.

Papa alisukuma kiti nje, akakaa kwenye kivuli cha ukuta, na mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la mboga akamsalimu. "Jambo, Papa. Siku mingi." Akamjibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Jumapili.

Nimefunga kamba chini ya mlango ili aweze kuushusha mwenyewe pia. Nimejiwekea ahadi: kitambaa kikavu kwenye reli kila vumbi likizidi, na kopo la grisi linakaa mbali na reli hata chef akiamuru vipi. Mvua ikikaribia nitabadilisha ule mpira wa chini uliopasuka kwa jua. Na rangi nyeupe, kama Papa atakubali kuachana na hii ya kahawia inayokunywa joto.

Aliporudi ndani aliniuliza kesho tunaondoka saa ngapi kwenda Katuba. Nikajibu bila kuinua macho kutoka kwenye sahani nilizokuwa naosha, kwa sababu macho yangu hayakuwa ya kuonyeshwa mtu. Halafu akaniomba nimpigie pasi shati la buluu. Mguu haukutajwa.

Sasa jioni inaingia, upepo kidogo umeanza. Ninaandika haya mezani, na kutoka gereji nasikia mlango unapanda tena. Ulipanda pia muda mfupi uliopita, ukashuka. Kiti kinalia kwenye changarawe, kinakwenda upande wa barabara.

Sijui anakwenda wapi. Sijamwuliza.