Jezi ya Timu Yako Imechanika Kwapani

Mwanangu Zuhura,

Kwa masikitiko makubwa natangaza rasmi kwamba jezi uliyoniletea kutoka Marekani imechanika kwapani. Fundi cherehani ameikagua, akatikisa kichwa. Marehemu alikuwa bado mpya.

Unakumbuka siku uliyonivisha? Ulipanga vizibo vya soda juu ya kaunta, hapa hapa dukani Kariakoo, katikati ya majora ya vitenge, ukanifundisha mpira wenu ule wa kushika kwa mikono. Jirani yetu Shomari, muuza mabomba, akachungulia mlangoni, akaiona mechi kwenye simu yako: "Zuhu, hawa wamevaa masufuria kichwani wanagombea papai?" Ulicheka mpaka vizibo vikamwagika. Halafu ukaninong'oneza, "Baba, usiangalie mpira. Waangalie wale wanene wa mbele."

Nimewaangalia msimu mzima. Kila Jumatatu asubuhi naweka marudio ya mechi, simu nimeiegemeza kwenye jora, baada ya kusikiliza ujumbe wako wa sauti: "Shikamoo baba. Matokeo sisemi." Sauti ikiwa nzito, najua tumefungwa. Na nina sababu ya kufuatilia. Wewe unapika kwenye jiko la uwanja wao, na ulishatuambia: timu ikitolewa, jiko linafungwa, unakuja nyumbani, ikisonga mbele, unabaki. Mama yako alikuwa ameshafua shuka za chumba chako.

Basi pokea uchambuzi wa mtaalamu. Wale wanene ndio nguvu yetu. Wanasukuma kama wapagazi wa Kariakoo wiki ya Idi. Ukisimama njiani, shauri yako. Mrushaji ana mkono, hilo silikatai, ila subira hana. Akibanwa anatupa popote, na popote penyewe huwa kwa adui. Tukishaongoza, timu nzima inafunga duka saa tisa mchana, wateja wamejaa mlangoni! Na mpiga mateke ndio msiba wenyewe. Ya mbali anapata, ya karibu anakosa, kama mimi na nyundo, msumari uko mbele ya pua napiga kidole. Nilikuhakikishia tangu mwanzo: hatufiki popote.

"Baba, mbona unaona udhaifu tu?" ukauliza. Nikakujibu huo ndio utaalamu.

Sasa ukweli. Mama yako nilimwambia jezi imenaswa na msumari wa rafu. Msumari hauna kosa. Jumatatu ile ya mechi ya kutolewa au kusonga mbele, sauti yako haikuwa nzito wala nyepesi, nikashindwa kuisoma. Nikaweka marudio. Tuko nyuma pointi mbili, muda unayoyoma, anaitwa mpiga mateke, teke likiingia ni pointi tatu. Karibu kabisa, pale pale anapokosaga. Nikajisemea, binti yangu huyo, yuko kwenye ndege. Mara wakaonyesha majukwaa, watu wamejikunyata kwa baridi, nikakuwaza nyuma yao huko na mwiko wako, umeacha kukoroga.

Akapiga. Mpira ukapita katikati ya nguzo.

Niliruka mikono juu, nikipiga kelele, kwapa likaachia mpaka mbavuni. Shomari alikuja mbio. "Kaka, umeshinda au umefiwa?"

Nilikaa kwenye jora nikapangusa macho kwa kipande cha kitenge, cha kuuza kabisa.

Shuka zimerudi kabatini, mwanangu. Jezi bado naivaa, mkono nimeubana. Wapikie vizuri hao wanene.

Baba yako, wa kwapa wazi