Tenki Moja Mpaka Columbus

Riverside, Buffalo

Kaka Ferdinandi,

Huku theluji imetuzidi, kwa hiyo tumenunua gari la fo-wili la petroli, lililotumika. Muuzaji aliapa kwamba haili mafuta. Mama akamwambia ajaze tenki pomoni, mimi nikaendesha maili sitini, tukarudi pampu ileile kujaza tena. Ziliingia galoni nne, yaani maili kumi na tano tu kwa galoni. Muuzaji akapunguza bei.

Ni mama yuleyule aliyechora alama za mkaa kwenye chupa ya mafuta ya kupikia ya mgao kule kambi ya wakimbizi, na hatukuwahi kupungukiwa. Namvulia kofia.

Kwa hesabu yake, tenki moja linatufikisha Columbus. Tutajaza hapo, tuje kwako Louisville.

Hujapokea simu ya mama tangu tumzike baba. Amesema hatapiga tena. Jumamosi utasikia hodi.

Mimi mdogo wako, dereva wake,
Veridiana