Mvua ya Saa Tatu

Karakana ya Vipimo,
Chumba cha Nyuma.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Chiriku, binti wa mjomba wangu,

Hujambo lakini? Wa nyumbani kwako hawajambo? Yule mdogo, jino la tatu limetoka au bado anawauma kwa mawili? Na mgongo wako, tafadhali usinijibu "haujambo" kama unavyomjibu kila mtu. Nataka kujua kama umemwona daktari au bado unaukanda kwa chupa ya maji moto.

Sisi huku wazima. Mama yangu amepata miwani mipya, na tangu aipate hakuna aliyepona. Ameona utando wa buibui kwangu, doa kwenye shati la mume wangu, na juzi amegundua kwamba picha yake ya harusi imekaa upande ukutani miaka yote hii na sisi tunaipita tu. Mimi nami sijambo, ila mikono imejaa mikwaruzo ya nyaya. Hamkuniita Bisibisi bure.

Barua yako niliipata Alhamisi. Unauliza ile barua ya makao makuu ya hali ya hewa kwa baba yako iliishia wapi, kama mashine imemnyang'anya kazi, na mbona mimi niliyeifunga nimekaa kimya. Una haki ya kuuliza yote matatu. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, nami nataka uisikie habari hii mpaka mwisho ndipo uanze kunigombeza. Vuta kiti.

Nianze na siku ya kufunga. Kituo cha baba yako unakijua: chumba kimoja, meza, kabati, saa ya ukutani, na nje uzio wa waya wenye kipimo cha mvua. Miaka ishirini na saba anatoka na bilauri yake saa tatu kamili asubuhi, anapima mvua iliyonyesha tangu jana saa tatu, anaandika daftarini. Mwaka huu makao makuu wakaleta kipimo cha pili kikae kando ya chake. Hicho kina kikombe kidogo kinachopinduka kila kikijaa, kisanduku kinachohesabu mipinduko, na modemu inayotuma jumla ya siku kwa mtandao wa simu. Vifanye kazi pamoja miezi mitatu, kisha walinganishe. Wewe ungedhani Mjomba atanuna. Wapi! Alikipangusa kisanduku kwa pindo la shati, akakibatiza Karani Mpya, akaniuliza kama kitakuwa na likizo.

Nguzo na vikombe havikunisumbua. Modemu ndiyo iliyonitoa jasho. Kwanza laini ilidai namba ya siri, na modemu haina kidole cha kubonyezea, kwa hiyo ikabidi niipachike kwenye simu yangu, niiondolee hiyo namba, ndipo niirudishe. Halafu mtandao. Mle chumbani palikuwa na kijiti kimoja, nacho huja na kuondoka. Nikazunguka na simu mkononi saa nzima, nyuma ya choo, juu ya kiti, juu ya ngazi, mpaka nikavipata vijiti vitatu juu ya mnara wa tangi la maji. Mama yako alikuwa chini ameshika ngazi, akataka kujua kama siku hizi watu wanasalimiana huko juu, maana nilikuwa sijamwamkia. Antena nikaifunga huko huko na waya nikauteremsha hadi ndani.

Kufikia hapo simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Kazi iliyobaki ilikuwa kukiwekea kisanduku tarehe na saa kwa vitufe vyake viwili. Nikainua macho kwenye saa ya ukutani, nikaandika, nikatuma ujumbe wa jaribio. Taa ya modemu ikageuka kijani. Dakika haikupita, makao makuu wakampigia Mjomba kusema wameupata. Tulishangilia wote watatu mle ndani, mama yako akaleta chai, nami nikasifiwa hadi nikaanza kuamini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, Chiriku. Mimi langu nilikuwa nimeshalitia kabla hata ya kusifiwa, ila sikujua.

Wiki mbili za kwanza Karani Mpya na Mjomba walielewana kama mapacha. Mvua zilikuwa za jioni. Kisha zikaanza kunyesha mchana, na hapo mambo yakaharibika. Jumanne mashine ikatuma milimita ishirini na mbili, Mjomba kaandika sifuri. Jumatano Mjomba kaandika ishirini na mbili, mashine ikatuma sifuri. Ikawa hivyo mara sita.

Kule makao makuu kuna mkuu wa takwimu tunayemwita Desimali. Ni mtu ambaye ukimuuliza ana watoto wangapi unaogopa atakujibu kwa nukta. Desimali alikaa na hesabu zake akaona jambo moja tu: mashine inasema leo, mzee anasema kesho yake. Basi mzee hapimi kila siku. Anapita siku inayofuata, anakuta maji ya jana, anabahatisha. Ndipo ikaja barua ya kujieleza, yenye mhuri.

Mjomba aliisoma amesimama, akaikunja mara nne. Kesho yake akamwendea fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, akamwomba awe anakuja kila siku saa tatu kushuhudia akipima na kutia sahihi daftarini. Fundi akaja kweli, futi yake ya kitambaa shingoni. Siku ya tatu alikuwa ameshaanza kumwelekeza Mjomba namna ya kushika bilauri. Sisi tulicheka, Mjomba hakucheka. Na sahihi zile hazikumsaidia, kwa kuwa Desimali alisema shahidi ni jirani.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Tuliitwa kikaoni, Mjomba na mimi. Desimali akaniuliza kama mashine inaweza kukosea. Nami, kwa kiburi cha mtu aliyepanda mnara wa tangi, nikasema, "Mashine haina sababu ya kudanganya." Baba yako alikuwa kwenye kiti cha pembeni yangu, viwiko vyetu vinakaribia kugusana. Hakunitazama. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile niling'oa ukucha mzima.

Jumamosi yake ndipo alipokupigia wewe. Nilikuwepo sebuleni kwenu, nilileta sukari. Alikueleza yote, akasikiliza, na sauti yako nilikuwa naisikia nilipokaa. Ulimuuliza, "Baba, una hakika hukukosea?" Akasema labda, akampa mama yako simu, akatoka nje.

Sikulaumu. Ningekuwa mbali kama wewe, na baba wa umri ule, na macho yale, ningeuliza hivyo hivyo. Lakini tangu siku ile alianza kusoma bilauri mara tatu kabla ya kuandika. Aliyekuwa anasoma mara moja huku anapiga mluzi! Mama yako akaniambia kwamba Mjomba ameandika barua ya kuacha kazi, na kwamba yeye ameificha chini ya godoro, upande anaolala mwenyewe.

Mimi nikarudi kituoni kutafuta ushahidi wa kuitetea mashine yangu. Ndiyo, ya mashine, si ya Mjomba. Yeye alikuwa ameenda kunyoa. Nikakaa mezani, nikajumlisha mvua za wiki tano kwa daftari lake, nikajumlisha za kisanduku. Zikatoka sawa, zimepishana milimita moja na nusu. Nikarudia. Sawa. Mtu anayebahatisha hawezi kubahatisha wiki tano akafikia jumla ile ile. Maji yalikuwa yale yale, siku tu ndizo zilizotofautiana.

Nikawasha kioo cha kisanduku. Kilisema saa tano na dakika ishirini. Nikatazama simu yangu: kumi na moja na dakika ishirini. Nikageuka kuitazama saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa umeipita kidogo tarakimu ya tano.

Unaikumbuka ile saa, Chiriku. Baba yako ameitegesha kama babu alivyotegesha ya kwake, mshale uelekee pale mdomo unaposema. Ikiwa saa tatu asubuhi, mshale uko kwenye tatu, si kwenye tisa kama saa za watu wengine. Siku ya kufunga ilikuwa saa tatu na kitu asubuhi, ukuta ukasema tatu, nami nikakiandikia kisanduku tatu. Saa ya kisanduku huanza kuhesabu saa sita usiku. Kwake ile ilikuwa saa tisa ya usiku. Kwa hiyo kila siku kilipodhani ni wakati wa kufunga hesabu ya asubuhi, huku kwetu ilikuwa saa tisa alasiri, na mvua yote ya mchana ilikuwa imeshaingia kwenye siku isiyo yake. Hata ujumbe wake wa kila siku, ambao ulipaswa kufika saa nne asubuhi, ulikuwa ukifika saa kumi jioni. Sote tuliulaumu mtandao. Maskini mtandao!

Nilikaa chini, kwenye sakafu hasa. Na nitakuambia ukweli, kwa sababu wewe ndiye niliyekuwa nikiiba naye maandazi. Niliwaza kurekebisha saa kimya kimya. Vitufe viwili tu, tofauti zinakwisha, Desimali anadhani mzee ameshika adabu, na mimi nabaki fundi hodari. Niliwaza hivyo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, nayo chai ikapoa sijainywa.

Mjomba akarudi amenyolewa. Nikamwambia palepale mlangoni, hata kofia hajaivua. Nikamwonyesha kisanduku, nikamwonyesha simu, nikamwonyesha ukuta. Nilitegemea makaripio, na kusema kweli nilikuwa nayataka. Aliketi, akatazama hivyo vitatu kwa zamu, akauliza taratibu:

"Kwa hiyo sikukosea?"

Chiriku, nililia. Muda wote nilidhani amekasirika kwa sababu hatumwamini. Kumbe na yeye alikuwa ameacha kujiamini. Wiki nzima alikuwa anakwenda pale uani akijiuliza kama ni kweli alipima jana au aliota. Nikamwambia, "Hukukosea hata siku moja, Mjomba. Ni mimi." Akavua kofia, akaanza kucheka, akacheka hadi fundi cherehani akaja kuuliza kuna nini, maana haikuwa saa ya kutia sahihi.

Jumatatu nilisimama mbele ya Desimali na watu wake wote nikasema yaliyotokea, bila kumsingizia mtu wala saa. Kuna waliocheka. Desimali hakucheka. Alichukua karatasi, akahamisha mvua sita kwenye siku zake, zikakaa mahali pake zote, na masikio yake yakawa mekundu. Akamwomba mzee radhi kwa mdomo. Mjomba, aliyekuwa hapo hapo, akasema barua ya lawama ilikuja na mhuri, basi na ya radhi ije na mhuri. Imekuja. Ameitia kwenye faili, hataki kuitundika. Ya kuacha kazi mama yako aliitoa chini ya godoro, wakawashia jiko.

Hakunyang'anywa kazi. Wameamua wote wawili wabaki, yeye na Karani Mpya, kwa sababu bila daftari la mmoja kosa la mwingine lisingeonekana. Saa ya ukutani nilimwomba tuitegeshe upya akakataa. Alisema saa yake haijakosea, labda tuyategeshe macho ya wapwa. Mimi nimepewa barua ya onyo, nimeipokea kwa mikono miwili. Na ujumbe sasa unafika saa nne kamili, hata sekunde hazipotei.

Huo ndio ukimya wangu uliouulizia. Ilikuwa aibu, si kiburi. Nisamehe kwa kukufanya umwone baba yako kama mtu anayesahau.

Namalizia barua hii nikiwa mezani kwenu, wao wakiwa uani. Mjomba alipopita akaona jina lako juu ya karatasi, akaniambia nisikuandikie habari za mvua, una mizigo yako. Nimemwitikia, na kama unavyoona sikumsikiliza.

Msalimie shemeji, mwambie kisu alichoniletea bado kinakata nyaya vizuri. Mbusu yule mwenye meno mawili. Mama yangu anakusalimu, na anasema utume picha kubwa zaidi kwa kuwa sasa anaona. Fundi cherehani anakusalimu ingawa hamjaonana. Mama yako anakusalimu sana, na anataka kujua kuhusu mgongo. Mola akupe afya, akulainishie kazi, akurudishe kwetu siku moja ukiwa na mabegi mengi na maneno mengi zaidi.

Baba yako nilimuuliza nimwandikie salamu gani. Amesema za kwake nisiziandike. Amekaa na simu kwenye mfuko wa shati wiki ya tatu sasa, na hata akienda kupima mvua anakwenda nayo.

Ni mimi nikupendaye, mpwa wa baba yako, mwenye onyo,
Bisibisi