WIMBO WA SABA WA ALBAMU "UKUNGU UMESHUKA"

Kikao cha nne cha Kamati ya Kufufua Albamu ya Bibi Anaeli
Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Stoo ya kahawa, Kikatiti

Waliohudhuria: Ndg. Gadiel Sumari (Mwenyekiti), Bi. Tabea Sumari (Mjumbe, mke wa Mwenyekiti), Ndg. Fanuel Akyoo (Mtunza kaseti), Elihuruma Kaaya (Katibu)
Mwalikwa: Bibi Anaeli Nanyaro, mwenye albamu
Hakuhudhuria: Ndg. Hans Mbise, bila taarifa, ingawa alionekana akipita na pikipiki

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:10 alasiri kwa sala, kisha kwa hotuba ndefu kuliko sala.

KUMB. NA. 4/2: HABARI NJEMA
Katibu aliarifu kwamba redio moja ya Arusha imekubali kupiga albamu Jumamosi ijayo, Bibi Anaeli akiwa studio, ila nyimbo zote nane zikamilike. Makofi yalipigwa hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Bibi Anaeli, aliyerekodi nyimbo hizo mwaka 1993 kwa gitaa moja na kuziuza mwenyewe sokoni, alisema hajazisikia tangu kaseti yake ilipoliwa na redio.

KUMB. NA. 4/3: KASETI
Kaseti pekee iliyopatikana ilichezwa. Nyimbo sita za kwanza zilitoka safi, na Katibu anakiri kwamba alilia. Wa saba, "Mama Amelala", haukuwepo. Ilibainika kwamba tundu la juu la kaseti lilizibwa kwa karatasi ili irekodiwe upya. Mwenyekiti alimlaumu Ndg. Fanuel kwa uzembe na kupendekeza aondolewe kwenye Kamati.

Ndg. Fanuel aliomba tu kaseti iachwe iendelee. Ikasikika sauti: "Ndugu zangu wa Kikatiti, mimi Gadiel Sumari naomba kura zenu." Yalikuwa mazoezi ya hotuba ya uchaguzi wa kitongoji wa mwaka 1999, ambao Mwenyekiti alishindwa. Hotuba ilipokwisha, wimbo wa nane ulitoka salama. Pendekezo la kumwondoa Ndg. Fanuel halikuungwa mkono na yeyote, akiwemo aliyelitoa.

KUMB. NA. 4/4: WIMBO WA SABA
Mwenyekiti alimwamkia Bibi Anaeli shikamoo kwa mara ya pili, akamwomba radhi. Bibi Anaeli alieleza kwamba gitaa anaweza kupiga, lakini maneno yalimtoka akilini siku alipomzika mama yake, na hakuwahi kuyaandika. Kila mjumbe aliiona redio ikiponyoka.

Ndipo Bi. Tabea aliposimama. Alieleza kwamba kaseti ilikuwa yake kabla mumewe hajaichukua, na kwamba amewalaza watoto wanne kwa wimbo huo.

"Uliufuta kwenye kaseti, baba Princess," alimwambia Mwenyekiti. "Kwangu hukuufuta."

Akaimba. Bibi Anaeli alimfuata kwa gitaa, na kufikia ubeti wa tatu alikuwa anaimba naye, neno kwa neno. Ndg. Fanuel alirekodi kwa simu. Yaliyofuata hayakuandikwa kwa kuwa Katibu alikuwa anaitikia.

KUMB. NA. 4/5: KUFUNGA
Iliazimiwa Bi. Tabea aende redioni na Bibi Anaeli, na Mwenyekiti awabebee gitaa. Kikao kilifungwa saa 11:40 jioni, baada ya wimbo kurudiwa mara tatu, mara ya mwisho kwa ombi la Mwenyekiti.

G. Sumari, Mwenyekiti (amesoma, na amekubali 4/3 isifutwe)
E. Kaaya, Katibu