Mabati na Siku Nane

Siku ya tano, 5/11/1999
Daforoza alikufa jana. Kifua. Mi nilikuwa ku chantier, kwenye tunajenga kanisa, nachanganya simenti na muchanga. Jirani akakuja, akasimama tu pale. Nikajua. Nikamaliza kwanza ile simenti, ju ingekauka. Kisha nikaenda.
Muke yangu. Miaka makumi mbili na moja.
Naandika mu kaye yake ya chorale, daftari ya kwaya. Mbele iko nyimbo. Nyuma karatasi ni safi.

Siku ya posho, 6/11
Tulimuzika. Udongo ilikuwa nzito, maji tupu. Tukanawa mikono wote mu beseni moja.
Mama ya Daforoza alikuja toka Busasamana kwa miguu. Tunamwita Mabukwe, ni kusema mama mukwe, hata majirani. Akasema mbele ya batu wote: kilio ni siku nane, kuanzia leo. Hakuna jembe, hakuna nyundo mu hii nyumba. Mwenye atapiga jembe mu kilio anachimba kaburi ya pili. Siku ya posho yenye inakuja, tarehe kumi na tatu, tutanyoa nywele, tutanawa, itakuwa imeisha.
Sawa. Sina nguvu ya kupiga kitu.
Mvua tena. Nyumba inavuja. Mategura, vigae ya paa, ilipasuka wakati ya vita, sikupata ingine. Pakavu ni pahali moja tu, ku kona ya mulango. Panatosha mutu moja. Daforoza alikuwa ananilaza mi pale. Alisema: we njo unatumika, we njo mwenye kazi, usigonjwe. Mi nikalala pale. Yeye alilala kwenye maji.

Siku ya Mungu, 7/11
Sikuenda kanisani. Pasteri alikuja hapa kisha ya ibada. Ana furaha. Bazungu mbili bazee, bwana na bibi, bamefika kwa juma moja. Bamishonari ya zamani, balikaa Tanzania miaka mingi. Bamekuja na mabati ya nyumba moja. Kanisa imechagua yangu. Kazi itaanza siku ya pili. Siku ya posho saa sita banarudi Kigali.
«Ni Mungu,» Pasteri anasema.
«Mungu hajue kuhesabu siku nane?» Mabukwe akauliza.
Pasteri akacheka. Mabukwe hakucheka.

Siku ya kwanza, 8/11
Bazungu balikuja kusalimia. Bwana ni Walter, murefu, mikono inatetemeka. Bibi ni Edith, tunamwita Madamu, anatembea na fimbo. Banasema Kiswahili ya Tanzania, ile ya kitabu.
«Tumekuja kutumika,» bwana akasema.
Mabukwe anajua Kiswahili ya soko, aliuzisha vitunguu Goma miaka mingi. Akanigeukia. «Bazee kama hawa? Hawana batoto ya kubatumikia?»
Mi nikasema: «Sisi hatutumike mpaka siku ya posho. Tuko mu kilio.»
Madamu akanishika mukono. «Pole, ndugu yangu. Msitumike. Sisi tutatumika kwa ajili yenu.»
Nikaona ameelewa. Kumbe alielewa nusu.

Siku ya pili, 9/11
Nilienda kuchota maji. Nikasikia Mabukwe anapiga kelele mpaka ku bomba. Nikakimbia.
Madamu alikuwa mu maharagi ya Daforoza. Na jembe ya Daforoza. Fimbo ameiweka chini, ameinama, analima. Alikuwa amefika katikati ya musitari ya kwanza.
«Weka chini! Unatuchimbia kaburi!» Mabukwe akasema.
«Mama, nasaidia tu. Mmesema hamwezi kutumika.»
«Hatuwezi? Nani alisema hatuwezi? Tunakatala!»
Bwana alikuwa ameshaegemeza ngazi ku ukuta, nyundo mukononi. Akauliza, mi nikamuelezea yote pole pole. Siku nane. Jembe. Nyundo. Akaweka nyundo mu mufuko. Madamu akatoka mu maharagi, viatu imejaa matope, uso mwekundu.
Bakaenda. Ngazi pia.
Majirani bote balikuwa ku lupango, nje ya uzio, banaangalia. Moja akasema: «Mabati inaenda na miguu yake.»
Nikarudi ku bomba kuchukua maji yangu.

Siku ya tatu, 10/11
Mvua toka asubuyi. Pasteri alikuja na parapluie, mwavuli yake. Anasema ile ni mambo ya kipagani. Anasema bazungu bako na siku chache, na kuko mujane mu Busasamana hana hata mategura. Nikubali leo bapigilie, ao mabati inapanda kule kesho. Nikaomba aningoje mpaka asubuyi, nimupe jibu.
Mi nataka ile mabati. Naandika hivi ju ni kweli. Nilifikiri kumuambia Mabukwe arudi kwake. Siku moja ya nyundo, nani atakufa tena? Mwenye kufa alishakufa.
Nikaingia mu nyumba nimuambie. Alikuwa amekaa upande ya Daforoza, kwenye inavuja. Sufuria moja ku magoti, inapokea maji. Nikamuambia asogee ku kona. Akasema: «Kona ni ya mwenye anatumika.»
Nikachukua ile sufuria, nikaenda kuimwaga nje.

Siku ya ine, 11/11
Nilimukatalia Pasteri. Akasema «bon, sawa», akaenda.
Mangaribi niliona voiture, gari ya kanisa, inatoka Rubona. Balikuwa bamepeleka bazungu kuona maji ya moto yenye inachemuka pembeni ya ziwa. Mu nyuma ya voiture, kwenye mabati ilikuwa, hakuna kitu tena. Madamu akapunga mukono. Mi sikuinua yangu.
Nina hasira na batu bote. Na Daforoza pia.

Siku ya tano, 12/11
Bazungu balikuja bao mbili peke yao, kwa miguu. Hakuna Pasteri, hakuna nyundo. Siku ya leo ilikuwa ya kupeleka bao kuona volkano. Bwana alisema mulima umeshaonekana toka ku dirisha, inatosha.
Bakakaa ku benchi na batu ya kilio. Bakaweka mikono ku magoti kama sisi. Muda ya saa moja hivi. Madamu akaomba Mabukwe musamaha. Kisha akasema alizika mutoto yake ya kwanza kule Tanzania. Mutoto ya miaka mine.
Mabukwe akauliza: «Mulikaa kilio siku ngapi?»
«Moja. Kesho yake nilirudi shuleni kufundisha.»
«Siku moja!» Mabukwe akapiga mikono. «Njo maana mupaka leo unazunguka inchi ya batu, unalima maharagi ya bengine.»
Batu bakacheka. Madamu pia alicheka. Kisha hakucheka tena. Bwana akamushika bega. Mabukwe akamupatia kikombe ya chai na akamusogelea. Bakakaa hivyo mpaka mvua ikakuja.

Siku ya posho, 13/11
Siku ya nane. Tulinyoa. Tukanawa. Bibi na bwana balifika mapema, bakanawa mu beseni na sisi.
Kisha Mabukwe akaleta jembe ya Daforoza. Ni yeye anapaswa kupiga ya kwanza kisha ya kilio, ni mama. Hakupiga. Akamupa Madamu.
«We ulianza musitari. Maliza.»
Madamu akaacha fimbo. Akalima polepole mpaka mwisho. Voiture ya Kigali ilikuwa ku barabara, Pasteri anapiga honi. Alipiga mara tatu. Madamu hakuinua kichwa.
Kisha akarudisha jembe, akakumbatia Mabukwe. Bwana aliniuliza mabati iko wapi, Pasteri hakumuambia. Nikamuambia iko Busasamana, mujane anahitaji. Akaangalia mategura muda murefu. Akasema: «Samahani.»
Nikasema hakuna shida. Shida iko. Lakini si yake.
Bakaenda.

Siku ya Mungu, 14/11
Mabukwe alirudi Busasamana asubuyi. Nikamusindikiza mpaka barabara kubwa. Jembe nikaitundika.
Mvua ilinyesha kisha ya ibada. Maji iliingia palepale. Nikaweka sufuria. Kitanda nikaisukuma ku kona. Imetosha.
Mutu ni moja sasa. Pakavu panatosha.
Kesho narudia kazi.